Fahali Wawili, Zizi Moja: Deki Ipi Iingie Sebuleni?

Wahenga walisema kuwa fahali wawili hawakai zizi moja. Usemi huo ulitimia katika biashara ya filamu za nyumbani. Mnamo mwaka wa 2006 makampuni makubwa ya dunia yaliingiza sokoni aina mbili za diski za picha safi, moja ikiitwa HD DVD na nyingine Blu-ray, na kila upande ukamhakikishia mnunuzi kuwa ya kwake ndiyo itakayodumu. Haikutimia miaka miwili kabla ya fahali mmoja kuanguka. Watu waliokuwa wamenunua deki za yule aliyeanguka walibaki na chombo kizima, kisicho na ubovu wowote, lakini kisicho na chakula.

Huenda msomaji aliyeko Buyenzi, Kamenge au Kinindo akauliza: mambo hayo yatuhusu nini sisi wakazi wa Bujumbura? Yatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, vyombo vinavyoachwa na nyumba za Ulaya na za nchi za Ghuba huweza kusafirishwa na kuuzwa tena mbali na vilikotoka, na mnunuzi asiyejua jina lililoandikwa juu ya deki aweza kulipa fedha nyingi kwa kitu kilichokwisha kufa. Pili, swali lile lile hurudi kila mara nyumba itakapo kununua chombo kipya: je, tununue kilicho bora kwa macho, au kile tutakachoweza kukilisha? Ni vema bwana na bibi wa nyumba walijibu swali hilo pamoja, kabla mkono haujaingia mfukoni.

FAHALI WENYEWE

Kwa kuzitazama tu, diski hizi mbili hazina tofauti. Kila moja ina upana wa sentimita 12, sawa na DVD ya kawaida na sawa na diski ya muziki. Zote mbili husomwa kwa mwale wa leza wenye rangi ya buluu inayoelekea zambarau, ilhali DVD ya kawaida husomwa kwa mwale mwekundu. Mwale wa buluu una mawimbi mafupi zaidi, yaani nanomita 405 badala ya 650, na kwa sababu hiyo ncha yake ni nyembamba. Mfano wake ni kalamu: mwenye kalamu ya ncha nene huandika maneno machache katika ukurasa mmoja, na mwenye ncha nyembamba huandika mengi katika ukurasa ule ule.

Tofauti ilikuwa ndani. Katika HD DVD, tabaka lenye picha lilikuwa milimita 0.6 chini ya uso wa diski, kama ilivyo katika DVD. Kwa hiyo viwanda vilivyokuwa vikitengeneza DVD viliweza kugeuzwa bila gharama kubwa. Tabaka moja lilibeba gigabaiti 15. Katika Blu-ray, tabaka hilo liko milimita 0.1 tu chini ya uso. Hapo ilibidi mitambo mipya itengenezwe, pamoja na ganda gumu la kuikinga diski isikwaruzwe; lakini tabaka moja likabeba gigabaiti 25. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7.

Kwa upande wa picha yenyewe, zote mbili zilikuwa sawa. Picha ya televisheni hujengwa kwa nukta ndogo ndogo, mithili ya shanga zilizotungwa. DVD ya mtindo unaotumika Ulaya na Afrika huonyesha nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu. Diski za picha safi huonyesha 1920 kwa 1080. Ukizidisha utaona kuwa nukta zake ni mara 5 ya zile za DVD. Mtazamaji wa kawaida asingeweza kukaa mbele ya fahali hawa wawili na kusema kwa hakika yupi ni yupi.

KILICHOMWANGUSHA MMOJA

Upande wa HD DVD uliongozwa na kampuni ya Toshiba, na upande wa Blu-ray uliongozwa na Sony pamoja na wenzake. Mtu angedhani kuwa mwenye bei nafuu ndiye atakayeshinda, maana deki za Toshiba ziliuzwa kwa bei ya chini kuliko za wapinzani wake. Haikuwa hivyo. Vita viliamuliwa na wenye filamu.

Makampuni ya filamu ya Marekani yaligawanyika. Universal, na baadaye Paramount, walisimama na HD DVD. Disney, Fox na kampuni ya filamu ya Sony yenyewe walisimama na Blu-ray. Warner alitoa filamu zake kwa pande zote mbili. Aidha, mwezi wa Novemba 2006 Sony walianza kuuza mashine ya michezo, PlayStation 3, ambayo ndani yake mlikuwa na deki ya Blu-ray. Hivyo nyumba nyingi zilipata deki hiyo kwa sababu ya watoto kutaka michezo, si kwa sababu wazazi walichagua diski.

Tarehe 4 Januari 2008 Warner alitangaza kuwa ataacha HD DVD na kubaki na Blu-ray peke yake. Wauzaji wakubwa nao wakaanza kujiondoa. Tarehe 19 Februari ya mwaka huo huo Toshiba walitangaza kuwa wanaacha kutengeneza deki hizo. Mwaka uliofuata, 2009, Toshiba wenyewe waliamua kutengeneza deki za Blu-ray.

Funzo lililomo humo ni hili: chombo cha nyumbani hakifi kwa sababu ya ubovu wake. Hufa siku ile yule anayekilisha anapoondoka. Kinu kizuri pasipo mahindi ni gogo lililochongwa tu.

YALIKWISHA KUTUPATA ZAMANI

Wazee wetu hawawezi kushangazwa na habari hii, kwani walikwisha kuiona katika zama za kanda. Sony walianza kuuza kanda za Betamax mwaka 1975, na mwaka uliofuata kampuni ya JVC ikaleta VHS. Watu wengi waliisifu Betamax kwa uzuri wa picha, lakini VHS ilirekodi muda mrefu zaidi katika kanda moja, na makampuni mengi yakakubali kuitengeneza. Kanda za kuazimana zikawa za VHS, na mwenye Betamax akakosa wa kuazimana naye.

Bujumbura ilikuwa na tatizo jingine juu ya hilo. Televisheni ya taifa ilipoanza mwaka 1984, rangi zake zilifuata mtindo wa SECAM uliobuniwa Ufaransa, kama ilivyokuwa kwa jirani yetu Zaire. Lakini Kenya, na pia Zanzibar ambako televisheni ya rangi ilianza mwaka 1973, zilifuata mtindo wa PAL uliobuniwa Ujerumani. Na Tanzania Bara nayo ilipopata televisheni mwaka 1994 ilishika njia hiyo ya PAL. Basi kanda ya taarabu au ya harusi iliyotoka Dar es Salaam, ikapitia Kigoma na kuvuka ziwa, ilipotiwa katika chombo kilichojua SECAM peke yake ilionyesha watu weupe na weusi tu, kana kwamba bibi harusi hakuvaa rangi yoyote. Dawa yake ilikuwa ni kununua televisheni na deki zinazopokea mitindo yote, na mnunuzi mwenye busara aliuliza hilo kabla ya kuuliza bei.

Tunakumbusha mambo haya kwa sababu yanaonyesha kuwa mji wetu umekaa mahali pa njia panda. Kwa lugha ya Kifaransa tunavutwa na Brussels na Paris. Kwa Kiswahili tunavutwa na Dar es Salaam, Mombasa na Bukavu. Nyumba yenye jamaa pande zote hizo haina budi kuwa na chombo kinachosikilizana na pande zote.

ALIYESHINDA KWETU

Fahali wale wawili walipokuwa wakipigana ng'ambo, kwetu zizi lilikuwa limekwisha kukaliwa na mnyama mdogo zaidi. VCD, iliyowekewa kanuni zake mwaka 1993, ina picha ya nukta 352 kwa 288 tu, yaani robo moja ya DVD. Diski moja hubeba dakika 74 hivi, ndiyo maana filamu ndefu ilihitaji diski mbili, na mtoto mmoja wa nyumba alipewa kazi ya kuinuka na kubadilisha katikati ya kisa.

Hata hivyo VCD, na baadaye DVD, ndizo zilizobeba filamu za Kiswahili kutoka Dar es Salaam hadi katika nchi za jirani. Steven Kanumba alipofariki dunia mwezi wa Aprili 2012, sura yake ilikuwa imekwisha kuingia katika nyumba ambazo hazikuwa na habari ya HD DVD wala Blu-ray. Diski zake zilikuwa rahisi kutengenezwa, rahisi kubebwa, na deki ya kuzichezesha ilikuwa ya bei ndogo. Mama aliyetaka kucheka na kulia kwa lugha anayoielewa hakuhesabu nukta.

Kwa hiyo msomaji asione haya iwapo sebuleni kwake bado ipo deki ya DVD ya zamani. Ikiwa inafanya kazi, na ikiwa ndani ya kabati mna filamu za kutosha za aina hiyo, deki hiyo ni mali. Kuitupa ili kumfuata jirani ni hasara.

DISKI ILIYOTUMWA NA NDUGU

Liko jambo moja ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa. Makampuni ya filamu yaliigawa dunia katika mafungu, na diski nyingi zimefungwa zisichezwe nje ya fungu lake. Kwa DVD, Burundi na sehemu kubwa ya Afrika zimo katika fungu la 5, nayo Ulaya Magharibi imo katika fungu la 2. Marekani na Kanada zimo katika fungu la 1. Basi shangazi aliyeko Ubelgiji akimtumia mpwa wake DVD ya asili, si ajabu deki ya Bujumbura ikaikataa, ingawa diski ni nzima na deki ni nzima. Deki nyingi za bei nafuu zimefunguliwa mafungu yote, lakini hilo ni la kujaribiwa dukani, si la kuaminiwa kwa maneno ya muuzaji.

Kwa Blu-ray mgawanyo ni mwingine, na kwa mara hii unatufaa. Afrika na Ulaya Magharibi zimewekwa pamoja katika fungu B. Diski iliyonunuliwa Brussels au Paris itachezwa katika deki ya fungu B iliyopo Bujumbura. Iliyotoka Kanada au Marekani ni ya fungu A, nayo yaweza kukataliwa ikiwa imefungwa. Zile diski mpya zaidi za Blu-ray zinazoitwa 4K, zilizoanza kuuzwa mwaka 2016, hazina mafungu, lakini hazichezwi na deki ya Blu-ray ya kawaida. Zinahitaji deki yake.

Mnunuzi na ashike pia kanuni hizi tatu. Deki ya Blu-ray hucheza DVD, lakini deki ya DVD haichezi Blu-ray. Si kila deki ya Blu-ray itakayokubali VCD, kwa hiyo mwenye VCD nyingi na aende dukani akiwa na moja mkononi. Na akikutana na deki iliyoandikwa HD DVD, ajue kuwa hiyo leo ni deki ya DVD tu. Aidha ainunue kwa bei ya deki ya DVD iliyotumika, au aiache hapo hapo.

HESABU YA SEBULE

Sasa tuingie katika hesabu ya nyumba. Kabla ya kununua deki ya picha safi, itazame kwanza televisheni uliyo nayo. Ikiwa ni televisheni ya chogo, yenye matundu ya rangi ya manjano, nyekundu na nyeupe peke yake, deki mpya haitaongeza uzuri utakaouona. Waya wa manjano hauwezi kupitisha picha ile safi. Ni sawa na kumimina debe la maji katika mdomo wa chupa. Televisheni inayofaa ni ile bapa yenye tundu la HDMI, na ambayo maelezo yake yanataja 1920 kwa 1080 au zaidi. Ikiwa televisheni ni ndogo na viti viko mbali nayo, jicho halitaona faida kubwa hata kama tundu lipo.

Pili, hesabu diski, usihesabu deki. Deki hununuliwa mara moja, lakini diski hununuliwa kila siku. Jiulize: katika mwezi mmoja, nitapata wapi filamu za aina hiyo, kwa lugha ambayo bibi mzaa baba na watoto wote wanaielewa? Ikiwa jibu ni kwamba zitaletwa na mgeni mara moja kwa mwaka, basi deki hiyo ni pambo.

Tatu, tazama kama deki ina tundu la flashi. Filamu na picha nyingi siku hizi husafiri katika simu na flashi, na chombo chenye tundu hilo hakitakaa bila kazi hata diski zikiadimika. Nalo hilo la kuadimika si maneno ya kutisha. Hata mshindi huzeeka: mwezi wa Februari 2025 Sony waliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia.

Nne, usisahau umeme. Umeme ukatikapo na kurudi kwa nguvu, deki ndiyo ya kwanza kuumia. Fedha kidogo iliyotumika kununua kifaa cha kusawazisha umeme huokoa fedha nyingi. Umeme ukikatika, ng'oa waya ukutani na ungoje uliorudi utulie. Deki iwekwe mahali penye hewa, isifunikwe kitambaa inapofanya kazi, wala isiwekewe chombo cha maua chenye maji juu yake.

KANDA ZA UKOO

Filamu ya kununua ikipotea, itapatikana nyingine. Lakini ziko kanda na diski ambazo hazina pacha duniani: siku ya kumwombea mtoto mchumba, harusi, ubatizo, kumaliza msiba. Katika nchi yetu, ambako vita vilivyoanza mwaka 1993 vilitawanya familia nyingi na kuteketeza nyumba pamoja na vilivyomo, zipo nyumba ambamo kanda moja ya VHS ndiyo mahali pekee sauti ya babu inaposikika. Kwa nyumba kama hiyo, swali la kuchagua deki si swali la anasa.

Na wakati haungoji. Mwaka 2016 Sony waliacha kuuza kanda za Betamax, na katika mwaka huo huo kampuni ya Funai ya Japani iliacha kutengeneza deki za VHS. Deki zinazofanya kazi zinapungua kila mwaka, na kanda iliyokaa katika unyevu huota ukungu. Mwenye kanda ya namna hiyo amtafute fundi aliye na deki nzima, aketi naye kanda ikinakiliwa ikiwa inawezekana, na asikubali kuiacha mahali kwa muda mrefu.

Usinakili katika diski moja ukaona kazi imekwisha. Diski iliyochomwa na fundi si kama ile iliyopigwa chapa kiwandani; maandishi yake yamo katika rangi nyepesi inayoweza kuharibiwa na jua na joto. Fanya nakala mbili au tatu katika vitu vya aina tofauti, kwa mfano diski moja na flashi moja, nawe umpe nakala ndugu anayekaa nyumba nyingine au mji mwingine, ili moto au mafuriko yakiifika nyumba moja, nyingine ibaki na kumbukumbu. Kila baada ya miaka michache zifungue, uone kama bado zinasomeka, kisha uzihamishie katika chombo kinachotumika wakati huo. Tia katika bahasha karatasi yenye majina ya walioonekana na mwaka wa tukio, kwa maana wajukuu hawatawajua wote.

Kwa usafi, diski ishikwe pembeni na katikati, isiguswe usoni. Ikichafuka ifutwe kwa kitambaa laini kisicho na vumbi, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Kuifuta kwa kuzungusha huacha mikwaruzo inayofuata njia ya maandishi, na deki hushindwa kuisoma. Irudishwe katika kasha lake, isimame wima kama kitabu, mbali na dirisha.

Basi nyumba yenye televisheni ya chogo na diski nyingi za zamani ibaki na deki yake ya DVD, iitunze. Nyumba yenye televisheni bapa na jamaa walioko Ulaya wanaotuma diski yaweza kununua Blu-ray ya fungu B yenye tundu la flashi, baada ya kuijaribu dukani kwa diski zake yenyewe. Na nyumba yenye kanda ya babu iahirishe ununuzi wa deki mpya mpaka kanda hiyo iwe imenakiliwa.